Soma Sarafu Kabla ya Kuamini Maneno

Somo hili ni la wanakisomo waliokwisha kujua kusoma, kuandika na kuhesabu. Katika somo hili tutajifunza kutambua sarafu za zamani zinazookotwa ardhini, hata zikiwa zimebadilika rangi.

Katika wilaya za Tarime na Serengeti watu huokota sarafu za zamani mara kwa mara. Mkulima akilima mahali palipokuwa na boma la ng'ombe hapo kale, jembe hutoa kitu cha mviringo. Baada ya mvua kubwa kusomba udongo, watoto huokota vitu kama hivyo njiani. Siku hizi wapo pia wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaotembea na mashine ya kutafuta madini, ile inayoitwa ditekta. Wanatafuta dhahabu, lakini mashine huwapa sarafu.

Sarafu hizo hazitoki ardhini zikiwa zinang'aa. Hutoka zikiwa nyeusi, za kijani au za kahawia, nazo zimegandwa na udongo. Hapo ndipo maneno huanza. Mmoja husema, "Hii ni dhahabu ya Mjerumani." Mwingine husema, "Hii ina nguvu, tajiri wa mjini ataitoa kwa mamilioni." Wa tatu husema, "Hiki ni chuma tu, tupa."

Asiyesoma sarafu huamini maneno ya watu. Anaweza kuuza kitu chema kwa bei ya chumvi. Au anaweza kuuza ng'ombe wake ili anunue kitu kisicho na thamani. Lakini sarafu ina maandishi, ina tarakimu na ina picha. Wewe unajua kusoma. Basi isome.

KWA NINI KWETU KUNA SARAFU ZA AINA NYINGI

Zamani wazee wetu walibadilishana vitu. Walitoa mbuzi wakapata jembe, walitoa nafaka wakapata mbuzi. Fedha za sarafu ziliingia kwa wingi wakati wa ukoloni. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na kodi ilihitaji fedha. Askari na vibarua nao walilipwa kwa sarafu.

Mpaka wa Tanzania na Kenya unapita kaskazini mwa Tarime, pale Sirari. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, mpaka huo ulitenganisha nchi iliyotawaliwa na Wajerumani na ile iliyotawaliwa na Waingereza. Kila upande ulikuwa na fedha zake. Lakini watu na ng'ombe walivuka, na fedha zilivuka pamoja nao. Ndiyo sababu katika shamba moja la Tarime unaweza kuokota sarafu ya Mjerumani na sarafu ya Mwingereza.

Wajerumani walikuwa na kituo Shirati, kando ya ziwa, katika nchi ambayo leo ni wilaya ya Rorya. Katika Serengeti walijenga boma la mawe huko Ikoma. Watu huliita Fort Ikoma mpaka leo. Mahali palipokaa askari, pakawa na soko na njia ya msafara, hapo sarafu zilianguka.

MASHINE INALIA, LAKINI HAISOMI

Ditekta ina duara la nyaya chini yake. Umeme wa betri unapopita katika nyaya hizo, hutoa nguvu ya sumaku inayoingia ardhini. Kama kuna madini ya chuma, shaba, fedha au dhahabu, nguvu hiyo hurudi imebadilika. Mashine huhisi mabadiliko hayo, nayo hulia.

Mashine hulia kwa dhahabu. Hulia pia kwa kizibo cha soda, msumari, ganda la risasi na kipande cha sufuria. Haiwezi kukuambia kitu kina umri gani, wala kilitoka wapi. Kazi hiyo ni ya macho yako.

KWA NINI SARAFU HUBADILIKA RANGI

Sarafu nyingi ni mchanganyiko wa madini. Ardhini kuna maji, chumvi na hewa. Vitu hivi hula uso wa sarafu polepole. Udongo wa zizi la zamani hula haraka zaidi, kwa sababu mkojo na samadi ya ng'ombe vina vitu vikali. Kila madini huonyesha rangi yake:

Shaba huwa ya kahawia, kisha hutoa kutu ya kijani.

Shaba ya njano, yaani shaba iliyochanganywa na zinki, huwa ya kahawia iliyofifia. Nayo hutoa kutu ya kijani. Ikikwaruzwa, ndani ni ya njano kama dhahabu.

Fedha huwa ya kijivu, kisha nyeusi. Moshi na samadi huifanya iwe nyeusi upesi. Fedha iliyochanganywa na shaba nyingi hutoa pia madoa ya kijani.

Nikeli iliyochanganywa na shaba huwa ya kijivu isiyong'aa.

Chuma hutoa kutu nyekundu na huvimba.

Dhahabu haipati kutu. Inaweza kufunikwa na udongo, lakini ukiosha kwa maji, rangi yake ni ileile.

Kwa hiyo, kitu chenye kutu nene ya kijani si dhahabu. Na kitu cheusi kisitupwe haraka, kwa sababu huenda ni fedha.

USISUGUE

Watu wengi wakiokota sarafu huisugua kwa mchanga, majivu au waya wa kusugulia sufuria. Wengine huiweka katika ndimu au maji ya betri. Wanataka ing'ae. Hili ni kosa kubwa.

Maandishi ya sarafu ni vinundu vidogo vilivyoinuka juu ya uso wake. Kutu tayari imevila vinundu hivyo. Ukisugua kwa nguvu, unaviondoa kabisa, na sarafu hubaki laini kama kifungo. Hapo hakuna awezaye kuisoma tena. Pia wakusanyaji wa sarafu hulipa kidogo, au hukataa, wakiona sarafu imesuguliwa.

Fanya hivi. Weka sarafu katika maji safi ya mvua kwa siku moja au mbili, ukibadilisha maji. Ondoa udongo kwa kidole au kwa mswaki laini. Ipanguse kwa kugusagusa na kitambaa, bila kukwaruza. Iache ikauke kivulini. Kisha ifunge katika karatasi kavu. Usiichanganye na sarafu nyingine mfukoni.

HATUA SABA ZA KUSOMA SARAFU

Hatua ya kwanza: Tazama rangi, ukikumbuka yale tuliyosoma hapo juu.

Hatua ya pili: Jaribu kwa sumaku. Sumaku hupatikana katika spika ya redio iliyokufa. Dhahabu, fedha na shaba hazivutwi na sumaku. Sarafu za Mjerumani na sarafu za kikoloni za Mwingereza hazivutwi. Kama kitu kinachoitwa rupia ya fedha kinarukia sumaku, hicho ni chuma kilichopakwa rangi. Lakini baadhi ya shilingi zetu za miaka ya 1980 na kuendelea huvutwa, kwa sababu ndani yake kuna chuma.

Hatua ya tatu: Pima upana kwa rula ya shule. Andika milimita.

Hatua ya nne: Tazama tundu. Tundu la kiwandani liko katikati kabisa, nalo lina ukingo laini. Tundu lililo karibu na pembeni lilitobolewa na mtu ili avae sarafu shingoni.

Hatua ya tano: Tafuta picha. Je, ni kichwa cha mtu, taji, tai, simba, tembo au meno ya tembo?

Hatua ya sita: Soma maandishi. Shika sarafu asubuhi au jioni, jua likiwa upande, au tumia tochi ukimulika kutoka pembeni. Vivuli vidogo vitaonyesha herufi. Kama bado huoni, weka karatasi nyembamba juu ya sarafu, kisha pitisha penseli polepole ukiilaza. Herufi zitatokea kwenye karatasi.

Hatua ya saba: Soma mwaka. Andika kila tarakimu unayoiona. Tarakimu isiyoonekana, weka mstari. Kwa mfano: 19_3. Usikisie.

Jambo moja la kukumbuka: katika sarafu za Wazungu herufi V mara nyingine husomwa U. Neno GEORGIVS husomwa Georgius, yaani Mfalme George. Pia V peke yake ni tano, VI ni sita, na II ni mbili.

SARAFU ZA WAKATI WA MJERUMANI

Mwaka 1890 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilianza kutoa sarafu. Ndogo iliitwa pesa, nayo ni ya shaba. Upana wake ni karibu milimita 25. Upande mmoja ina tai, na upande wa pili ina maandishi ya Kiarabu. Kubwa iliitwa rupia. Rupia moja ilikuwa pesa 64.

Rupia ni ya fedha. Upana wake ni karibu milimita 30, na uzito wake ni karibu gramu 12. Ina kichwa cha Kaisari Wilhelm wa Pili amevaa kofia ya chuma yenye tai juu yake. Kando ya kichwa kuna jina lake kwa Kilatini: GUILELMUS. Upande wa pili tafuta neno RUPIE. Rupia ikitoka ardhini huwa nyeusi. Wengi wameitupa wakidhani ni bati.

Tangu mwaka 1904 Wajerumani walibadilisha hesabu. Rupia moja ikawa heller 100. Watu wetu walitamka neno hilo kwa namna yao, wakasema hela. Leo kila mtu husema hela, hata asiyejua kwamba hela ilikuwa sarafu ndogo ya shaba.

Heller moja ina upana wa karibu milimita 20. Ina taji, maneno DEUTSCH OSTAFRIKA, na mwaka. Upande wa pili ina tarakimu 1 na neno HELLER ndani ya shada la majani. Zilitengenezwa kwa wingi sana, na ndizo zinazookotwa mara nyingi. Ipo heller 5 ya shaba ya mwaka 1908 na 1909, kubwa sana, karibu milimita 37. Heller 10, na heller 5 za mwaka 1913 na 1914, zina tundu katikati, na rangi yake ni ya kijivu.

Chini ya maandishi kuna herufi ndogo. A maana yake ilitengenezwa Berlin. J maana yake ilitengenezwa Hamburg. T maana yake ilitengenezwa Tabora.

SARAFU ZA TABORA NA HADITHI YA DHAHABU

Hapa tusome polepole, kwa sababu hapa ndipo watu hupoteza mali.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, meli za Kijerumani hazikuweza kuleta fedha kutoka Ulaya. Sarafu zikapungua. Mwaka 1916 Wajerumani walitengeneza sarafu wenyewe katika karakana ya reli huko Tabora. Walitumia shaba chakavu na maganda ya risasi. Walitoa heller 5 na heller 20. Nyingi ni za shaba ya njano. Zina taji, herufi D.O.A., mwaka 1916, na T.

Mwaka huohuo walitengeneza pia sarafu ya dhahabu. Dhahabu ilitoka katika mgodi wa Sekenke. Sarafu hiyo ni ndogo, karibu milimita 22, na uzito wake ni gramu 7 na kidogo. Upande mmoja ina tembo, na nyuma ya tembo kuna mlima. Upande wa pili ina tai na maneno 15 RUPIEN. Zilitengenezwa karibu 16,000 tu.

Sasa linganisha. Sarafu ya njano yenye mwaka 1916 na herufi T inaweza kuwa heller 20 ya shaba au rupia 15 ya dhahabu. Rangi zinakaribiana baada ya kusuguliwa. Lakini moja ina taji na neno HELLER, nyingine ina tembo na neno RUPIEN. Anayejua kusoma hawezi kuzichanganya. Tena, kwa kuwa sarafu ya tembo ni maarufu, zimetengenezwa za bandia nyingi. Kwa hiyo hata ukiona tembo, usitoe fedha yako kabla haijapimwa na mtaalamu.

SARAFU ZA MWINGEREZA NA ZA TAIFA LETU

Upande wa Kenya na Uganda Waingereza nao walitumia rupia, lakini waliigawa kwa senti 100. Tangu mwaka 1907 walitoa senti zenye tundu. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1919, na shilingi ikaanza mwaka 1921. Shilingi hiyo ilitumika Tanganyika, Kenya na Uganda.

Senti 1, senti 5 na senti 10 ni za shaba na zina tundu katikati. Zina meno ya tembo yaliyozunguka tundu, na maneno EAST AFRICA. Wazee huikumbuka senti 10 kwa jina la peni. Sarafu za senti 5 na senti 10 za mwaka 1964 hazina jina la mfalme, kwa sababu nchi zetu zilikuwa zimekwisha kupata uhuru.

Senti 50 iliitwa sumni. Sumni na shilingi zina simba na milima upande mmoja. Upande wa pili zina kichwa cha mfalme, na sumni za tangu 1954 zina kichwa cha malkia. Hapa mwaka una kazi kubwa. Shilingi za mwaka 1921 mpaka 1946 zina fedha robo moja, na robo tatu ni madini mengine. Shilingi za kuanzia mwaka 1948 hazina fedha hata kidogo. Picha ni ileile, simba ni yuleyule, lakini tarakimu moja hubadilisha thamani. Huwezi kujua kwa kuona simba tu. Lazima usome mwaka.

Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa mwezi Juni 1966, na sarafu zetu wenyewe zikatolewa mwaka huo. Zina kichwa cha Mwalimu Nyerere. Senti 5 ina samaki, senti 20 ina mbuni, senti 50 ina sungura, na shilingi ina mkono ulioshika mwenge. Maandishi yake ni ya Kiswahili: SENTI HAMSINI, SHILINGI MOJA. Hizi ni nyingi, na hazina fedha wala dhahabu.

MAZUNGUMZO YA KUSOMA KWA SAUTI

Haya ni mazungumzo ya mfano. Wanakisomo wawili wasome, mmoja awe Mgeni, mwingine awe Mama.

Mgeni: Hodi hapa!

Mama: Karibu.

Mgeni: Shikamoo, mama.

Mama: Marahaba, mwanangu. Kaa kitini.

Mgeni: Asante. Nina jambo la siri. Baba yupo?

Mama: Baba yuko machungani. Sema na mimi.

Mgeni: Tazama hii. Ni dhahabu ya Mjerumani. Nimeitoa karibu na boma la Ikoma. Tajiri ananisubiri Mwanza. Nimekwama nauli na fedha ya kibali tu. Nipeni bei ya ng'ombe mmoja, nikirudi tutagawana nusu kwa nusu.

Mama: Nipe niisome.

Mgeni: Aa, mama! Haishikwi ovyo. Ukiishika nguvu yake inatoka.

Mama: Sarafu ilitengenezwa ishikwe na watu sokoni. Iweke hapa juani. Haya. Naona taji. Naona 1916. Naona herufi T.

Mgeni: Umeona! T ni Tabora. Tabora walitengeneza dhahabu.

Mama: Ni kweli walitengeneza. Lakini ile ina tembo na mlima, nayo imeandikwa 15 RUPIEN. Hii imeandikwa 20 HELLER. Tena hapa ukingoni umesahau kusugua. Kuna kutu ya kijani. Dhahabu haina kutu ya kijani, mwanangu.

Mgeni: Basi, mama, nisaidie nauli tu.

Mama: Nauli sina. Maji ya kunywa yapo. Ukimaliza kunywa, twende kwa mwenyekiti wa kitongoji ukamweleze habari za huyo tajiri.

Mgeni: Nitarudi kesho, mama.

Mgeni hakurudi.

DALILI ZA MATAPELI

Mwenye mali ya kweli hana haja ya ng'ombe wako. Jihadhari na mtu anayetaka fedha kwanza, anayetaka siri, anayekuharakisha, na anayekataa sarafu isisomwe wala kupimwa. Jihadhari pia na anayesema kwamba sarafu ina nguvu za ajabu. Sarafu haina nguvu yoyote. Thamani yake inatokana na mambo matatu tu: madini yake, uchache wake, na hali yake.

Na wewe uliyeokota sarafu, usiuze siku hiyohiyo kwa mnunuzi anayepita. Isome, iandike, waulize watu zaidi ya mmoja. Makumbusho ya Mwalimu Julius K. Nyerere yako Butiama, humu humu mkoani Mara. Yako chini ya Makumbusho ya Taifa. Makumbusho ni mahali pema pa kuulizia.

MAHALI ILIPOOKOTWA NI SEHEMU YA HABARI

Tuchukue mfano wa mbali kidogo. Zamani masultani wa Kilwa, pwani ya kusini ya nchi yetu, walitengeneza sarafu ndogo za shaba. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia aliokota sarafu tano za Kilwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini ya Australia, ng'ambo ya bahari. Alitia alama ya mahali hapo kwenye ramani. Miaka mingi baadaye wataalamu walizitambua sarafu hizo, wakashangaa. Zilifikaje huko? Mwaka 2013 wataalamu walikwenda kwenye visiwa hivyo kuchunguza.

Shaba ya sarafu hizo ni kidogo sana. Lakini kwa sababu ya alama ile kwenye ramani, zimekuwa swali kubwa katika historia ya bahari yetu. Laiti angezitia mfukoni bila kuandika, zingekuwa vipande vya shaba tu.

Fanya kama askari yule. Ukiokota sarafu, andika tarehe, kijiji, jina la mahali, kina cha udongo, na vitu vingine vilivyokuwa karibu, kama vigae vya vyungu au shanga. Pengine utasaidia kujua njia ya msafara au soko lililosahauliwa.

SHERIA NA USALAMA

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza mtu kuchimbua mambo ya kale bila kibali. Vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya mwaka 1863 vinalindwa na sheria hiyo. Ukiviona, toa taarifa serikalini, ukianzia kwa mtendaji wa kijiji. Leseni ya kutafuta dhahabu si kibali cha kuchimba magofu. Tena usichimbe wala kuchukua kitu chochote ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti.

Usichimbe makaburi. Usiache shimo wazi, kwa maana ng'ombe au mtoto atatumbukia. Usiingie katika shimo refu lisilotegemezwa kwa miti.

Mashine ikikuonyesha kitu cha chuma chenye umbo la risasi kubwa au chupa, usikiguse, usikipige kwa nyundo. Vita vilipita katika nchi yetu. Silaha ya zamani inaweza kulipuka ingawa imejaa kutu. Weka alama kwa mbali, fukuza watoto, na uwaite polisi.

MANENO YA KUJIFUNZA

Bandia: kitu cha uongo kilichofanywa kifanane na cha kweli.
Karakana: mahali pa kutengenezea vitu vya chuma na mitambo.
Magofu: mabaki ya jengo lililobomoka.
Shada: majani au maua yaliyofungwa pamoja kwa mviringo.
Tapeli: mtu anayedanganya ili apate mali ya wengine.

HESABU

1. Rupia moja ilikuwa heller 100. Mtu ameokota heller moja moja 35, na sarafu nne za heller 10. Je, zimepungua ngapi kufika rupia moja?

2. Shilingi ya mwaka 1937 ina uzito wa karibu gramu 8. Robo yake ni fedha. Je, ina gramu ngapi za fedha?

3. Sarafu imeandikwa 1913. Toa mwaka huo katika mwaka wa leo. Je, ina umri wa miaka mingapi?

MASWALI

1. Kwa nini katika Tarime huokotwa sarafu za Mjerumani na za Mwingereza pia?
2. Neno hela limetoka wapi?
3. Sarafu nyeusi inaweza kuwa ya madini gani?
4. Taja tofauti tatu kati ya heller 20 ya Tabora na sarafu ya dhahabu ya Tabora.
5. Shilingi mbili zina simba. Moja ni ya 1944 na nyingine ni ya 1950. Ipi ina fedha ndani yake?
6. Kwa nini ni vibaya kusugua sarafu kwa mchanga?

KAZI YA DARASA

Kila mwanakisomo alete sarafu moja, ya zamani au ya sasa. Iwekeni chini ya karatasi, mpitishe penseli, kisha msome kilichotokea. Chini ya picha hiyo andikeni: rangi, upana, picha, maneno, mwaka, na mahali ilipotoka. Bandikeni karatasi zote ukutani. Waalikeni wazee waje waeleze walinunua nini kwa peni na kwa sumni, na vijana wenye mashine waje wasikie. Mtu akija kijijini na sarafu ya kuuza, mleteni mbele ya ukuta huo, mlinganishe.